Kifagio cha Makumbi na Kichwa Changu

Kama kichwa kinakuwasha mpaka huwezi kukaa mahali pamoja, maneno haya ni yako. Wengine wakiyasoma sikatazi, ila wasinicheke. Mimi nimekwisha kupona, au niseme nimepona kiasi cha kusimulia bila mkono kupanda kichwani kila baada ya neno. Nayaandika kwa sababu nilipokuwa naugua sikumpata mtu hata mmoja wa kuniambia, "Na mimi lilinipata." Wote walikuwa na jirani wa binamu yao aliyewahi kuumwa hivyo, na jirani huyo kila mara alikuwa amekufa.

Naitwa Mwanaisha. Nimezaliwa Mahajanga, katika sisi watu wa pwani ambao wenyeji, Wasakalava, hutuita Waantalaotra, yaani watu wa ng'ambo ya bahari, ingawa babu wa babu yangu amezikwa hapa hapa. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, ndiyo maana kalamu si ngeni mkononi mwangu. Lakini kazi yangu mimi ni kusuka nywele. Wake wa wafanyabiashara, wake wa wenye ng'ombe, hata mabibi wa nyumba ya mfalme, vichwa vyao vimepita katikati ya magoti yangu. Na msusi hutazamwa kichwa chake kabla ya mikono yake. Nilikuwa na nywele nyingi, nzito, za kukalia kama nikijisahau, na najua nilizionea fahari kupita kiasi.

Homa ilinishika katikati ya mvua. Ilinitikisa, ikaniacha, ikarudi, ikaniacha tena, nikadhani tumemalizana. Mvua zilipoanza kukatika nikaamka asubuhi moja nikakuta msuko mzima juu ya mto, umelala peke yake. Nikaushika nikautazama. Nilijipapasa kichwani nikakuta pahali palipokuwa na msuko pana upara laini, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kutoka siku ile nywele zikawa zinanyonyoka kila nikigeuka. Zilikuwa kwenye mkate, kwenye maji ya kutawadha, kwenye bega la mume wangu.

Kisha ndipo kukaja kuwasha. Ngozi ya kichwa ikafanya magamba, meupe kwanza, baadaye ya manjano yenye majimaji chini yake. Sijui namna ya kueleza kuwasha kule kwa mtu ambaye hakujamfika. Nilihama kitandani nikaenda jamvini, jamvini nikaenda kizingitini, kizingitini nikaenda kisimani ambako sikuwa na haja ya maji. Niliunguza wali mara nyingi hata paka wa nyumbani akazoea ukoko. Nikisujudu, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza kusugua utosi kwenye mkeka. Mavyaa wangu Bi Echati, mama wa mume wangu, tuliyekaa naye nyumba moja, alisikia krukru nyuma ya pazia mchana kutwa, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Nyumba hii imeingia panya?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Kwetu nywele iliyong'oka haitupwi ovyo, mtu mbaya asije akaiokota akakufanyia jambo. Huwekwa ndani ya kikapu kidogo, halafu huzikwa. Mimi kikapu changu kilijaa mpaka mfuniko ukakataa kufunga. Nikazitazama nywele zangu mle ndani, nyeusi, nzuri, hazina kosa lolote, nikaona ni uonevu kuzizika. Nikazisuka. Mikono yangu inajua kazi hiyo hata nikiwa nimefumba macho. Nikafanya misuko mirefu, nikaishona kwa uzi wa rafia kwenye zile nywele chache zilizobaki pembeni, juu nikajitanda ushungi. Aliyenitazama aliona misuko ikining'inia mabegani kama zamani. Wateja wakaendelea kuja na mimi nikaendelea kuwasuka, huku jasho lanitiririka chini ya ushungi na kichwa chanichemka.

Mume wangu Hamadi, muuza mchele na ngozi, ni mtu mpole asiyeona mambo upesi. Aliniuliza kwa nini nalala na ushungi siku hizi. Nikamwambia nasikia baridi. Baridi, Mahajanga! Akanitazama, akageuka upande wa pili.

Nilikwenda kwa mganga, yule ambaye Wasakalava humwita moasy. Sina la kumsema vibaya, wengi wamepona kwake. Lakini nataka nikueleze habari ya kungoja, maana hakuna aliyenieleza mimi. Unaketi chini ya upenu wa makuti, na wenzako wamepanga mstari mpaka mlango wa ua. Kila mmoja anajifanya amekuja kwa ajili ya mtu mwingine. Mama mmoja alisema ameletwa na maumivu ya mkwewe. Mwingine alisema anapita tu. Wote tulikuwa tumejifunika vichwa, na kila mara mmoja wetu akipeleka mkono chini ya nguo, wengine nao walikumbuka vyao wakajikuna, mkuno ukasafiri mstari mzima hadi kwa mbuzi aliyefungwa mwisho. Nilicheka peke yangu. Mama mwenye mkwe akaninunia.

Mganga alizipanga mbegu zake chini, akazisoma, akanipa mwiko wa kuoga siku ya Jumanne na dawa ya majivu na majani. Nipake, nifunge kwa kitambaa, nisifungue mpaka mwezi mpya. Nilifunga. Joto lile, unyevu ule, na misuko ya bandia juu yake! Siku za mwisho nilikuwa nanuka na najua nilikuwa nanuka, kwa sababu mtoto wa jirani aliyependa kunikalia mapajani alikuja, akasimama, akarudi kwao. Hamadi akasema ana hesabu nyingi, akaanza kulala dukani. Nililia siku hiyo kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Nilipofungua kitambaa magamba yalitoka nacho, na damu. Bi Echati aliingia bila kubisha, kama ilivyo desturi yake, akanikuta kichwa wazi. Alisimama pale mlangoni. Nilitazamia apige kelele.

"Kumbe panya ndiye huyu," alisema. Akarudisha pazia. Kisha nikamsikia nje akimwambia Hamadi, "Mpeleke mkeo kwa shangazi yake kisiwani Nosy Be. Watu waambie shangazi ndiye mgonjwa."

Safari yenyewe siisimulii, nilitapika tu. Shangazi yangu Mwanakombo anaishi Ambatoloaka, huko huko Nosy Be, nyumba ya mwisho kabla ya mchanga, mjane mwenye ulimi mkali na meno mekundu kwa tambuu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuishika misuko yangu akaivuta kidogo.

"Ondoa uchafu huu."

"Ni nywele zangu, shangazi."

"Zilikuwa zako. Maiti naye alikuwa wa watu. Tukazike."

Sikukubali. Niliifumua kichwani nikaificha mkobani, yeye akaniachia kwa sababu alikuwa ameshaanza kushughulika na makumbi. Aliyachukua makumbi ya nazi yaliyolowekwa, akayaponda kwa mti mpaka yakalainika, akachambua nyuzi moja moja, akazikata zikalingana urefu wa ukucha, akazifunga kwa ukindu kwenye kishikio kinachojaa kiganjani. Kikawa kifagio kidogo, cha kichwa. Akakipitisha shavuni mwake mwenyewe, akatikisa kichwa, akakiponda tena. Alifanya hivyo mpaka shavu lake likaridhika.

Nilipopewa tu, nikakimbia nacho nyuma ya nyumba. Nilikuwa na kiu ya kujikuna ya msimu mzima. Nilisugua kichwa kama sufuria iliyoungua. Raha niliyoisikia ni ya aibu kuandika. Kisha nikahisi maji ya moto yananishuka shingoni, nikapapasa, ni damu. Shangazi alinikuta nimekaa chini nalia.

"Unapapasa," alisema, "hulimi. Nani amekuambia kichwa ni shamba?"

Hivi ndivyo alivyonifundisha, nami nakupa wewe kama nilivyopewa. Kwanza mafuta ya nazi, vuguvugu, si ya moto, yaachwe mpaka magamba yalegee. Kisha kifagio kinalowekwa. Unaanza kisogoni unapanda juu, viduara vidogo, ngozi ndiyo inayosogea, nyuzi hazikwaruzi. Ukifika palipo na kidonda unapita pembeni. Gamba lisilotaka kutoka leo usiligombeze, litatoka kesho. Ukimaliza unaosha kwa maji matamu, si ya bahari, unakaa juani kichwa wazi, na kifagio nacho kinatundikwa juani. Hukiazimi mtu, wala huazimi cha mtu. Ni hayo tu. Kwa mtu mwenye utulivu ni kazi nyepesi, lakini mimi kila siku nilitaka kuharakisha, na shangazi kila siku alinipokonya kifagio akanifanyia mwenyewe huku akinisimulia ubaya wa majirani zake.

Nakumbuka mara ya kwanza kuwasha kulipotulia. Nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba, upepo unapita moja kwa moja kwenye ngozi. Nikangoja kuanze. Hakukuanza. Nikasinzia pale pale nimeegemea ukuta, mdomo wazi, na kuku akaniparuza mguuni sikuamka. Shangazi anasema nilikoroma. Aseme apendavyo.

Karibu kiangazi kizima nilikaa Ambatoloaka. Magamba yakapungua, vidonda vikakauka, na palipokuwa upara pakaota vinyweleo laini, vya rangi ya vumbi, vya kuonekana ukiinamisha kichwa kwenye mwanga. Nilivipapasa mara elfu kwa siku. Shangazi alisema nitavichosha.

Kisha ikaja habari kutoka kwa Hamadi, kwa mdomo wa baharia. Wateja wanauliza. Na Bi Mboni, msusi wa mtaa wa pili, ameanza kuwaita wateja wangu mmoja mmoja, anasema mimi nimehamia Nosy Be moja kwa moja. Damu ikanipanda. Kazi ile niliijenga tangu usichana. Shangazi akasema ningoje mvua mbili tatu, kichwa bado kichanga. Nikasema sawa, na kesho yake nikawa natafuta chombo cha kurudi. Yeye alinifungia kifagio kwenye jani la mgomba asinitazame usoni.

Nikarudi Mahajanga, nikashona tena misuko ya bandia pembeni ya vinyweleo vyangu vipya. Niliapa ni kwa muda tu, mpaka vikue. Siku zilizofuata nilisuka tangu jua kuchomoza, na kila jioni, mlango umefungwa, niliifumua, nikapapasa kwa kifagio, nikashona upya. Bi Echati alinitazama bila kusema. Hamadi alirudi kulala nyumbani, ila alilala ukingoni kabisa mwa kitanda.

Kisha mfalme akainama. Kwa Wasakalava mfalme hafi, na asemaye amekufa anajitafutia balaa. Huinama tu. Ngoma zilinyamaza mji mzima asubuhi hiyo, na kila mtu akajua lililotakiwa. Wanaume wanyoe vichwa. Wanawake wafumue nywele na kuziacha wazi, bila nguo kichwani, bila chanuo, bila kifagio, bila mafuta, mpaka kazi za makaburini ziishe na ruhusa itoke. Miezi, labda mwaka.

"Sisi ni Waislamu," Hamadi alisema. "Mwanamke hatoki kichwa wazi."

"Na nchi unayouzia mchele ni ya nani?" Bi Echati akamwuliza. "Hufumuliwa uani kwa mfalme, wanawake peke yao. Atakwenda, na mimi nitakwenda."

Mimi nilikuwa nazunguka chumbani, nashika hiki naacha hiki. Ningeweza kuifumua misuko nyumbani na kwenda na upara wangu. Lakini kwenda na kichwa kilichokwisha kunyonyoka ni kama kwenda na kichwa kilichonyolewa, na kunyoa ni kwa wanaume. Mwanamke aliyenyoa angeonekana anayageuza maombolezo kuwa mchezo. Kuna watu waliouzwa utumwani kwa kosa dogo kuliko hilo. Na hata nikiokoka, nani atampa msusi mwenye upara kichwa chake? Kwa hiyo nikapanga na Bi Echati. Desturi ni kwamba hujifumui mwenyewe. Wanawake huketi safu nyuma ya safu, na kila mmoja huvuliwa nguo ya kichwa na kufumuliwa na aliye nyuma yake. Yeye atakaa nyuma yangu. Atafumua polepole, ataficha atakachoona, nitarudi nyumbani nimeinama.

Uani kwa nyumba ya mfalme tulikuwa wengi mno. Tukaketi kama tulivyopanga, na mimi nikaanza kupumua. Akaja bibi mkubwa wa nyumba, fimbo mkononi, akipita katikati ya safu. Akamwona Bi Echati na mvi zake.

"Wazee mbele," akasema.

Bi Echati akainuka. Angefanya nini? Akaniacha, akaenda kuketi safu ya kwanza, na nyuma yangu akaja mwanamke wa Kisakalava niliyemjua kwa sura tu. Anaitwa Soa, mke wa mwenye ng'ombe wa upande wa visimani, hajawahi kusukwa na mimi. Nilihisi vidole vyake vikianza begani. Nikataka kuinuka, kuzimia, kuwa mjamzito, lolote. Nikasema kwa chini, "Taratibu, mama, taratibu." Akadhani naumia tu. Akauvuta msuko ili apate mwanzo wake.

Ukatoka wote, ukateremka na ushungi. Ukabaki mkononi mwake na uzi wa rafia ukining'inia.

Soa akapiga ukelele ambao mimi sijausikia tena maishani. Na safu ya nyuma yake, ikidhani wakati wa kilio umefika, ikapiga ukelele vilevile, na safu ya nyuma yake, na ya mbele yetu, mpaka ua mzima ukawa unaomboleza, wengine wamejitupa chini, wengine wanajipiga vifua. Mimi nililia kuliko wote. Yeyote aliyenitazama angesema yule ndiye aliyempenda mfalme. Soa hakulia. Alikuwa ameushika msuko kwa vidole viwili, hajui auweke wapi.

Kilio kilipopungua, bibi mkubwa alikuwa amesimama juu yangu.

"Nani amekuambia unyoe?"

Nilisikia watu wakinyamaza safu kwa safu. Kisha nikasikia mtu anapita akikanyaga miguu ya watu, na mkono ukanishika kisogoni ukaniinamisha kwa nguvu mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Hakunyoa," Bi Echati alisema kwa Kisakalava, kwa sauti ile ile aliyoulizia panya. "Anaumwa. Tazama magamba. Tazama kovu. Njoni mtazame nyote, mwisho mkaseme mmetazama."

Na wakatazama. Bibi mkubwa aliinama karibu hata nikahisi pumzi yake. Wanawake niliowasuka siku za harusi zao walinyoosha shingo. Niliona aibu mpaka miguuni, nikamchukia Bi Echati kwa moyo wangu wote, na huku najua mkono ule ndio uliokuwa ukiniokoa. Bibi mkubwa akanyoosha mgongo. "Keti," akasema, akaenda zake.

Ndivyo mji ulivyojua. Hapakuwa tena na la kuficha, na hapakuwa na ruhusa ya kulificha, maana ushungi ulikatazwa. Nilikwenda kisimani na kichwa changu jinsi kilivyo. Watoto walikaa kimya nikipita, kisha wakacheka nikiwapita. Kifagio changu Bi Echati alikichomeka juu ya dari nisikione. Mafuta hakuna. Kabla mvua hazijashuka kuwasha kulirudi, na mimi nikarudi kuhama, kitandani, jamvini, kizingitini. Kujikuna mbele ya watu sikuthubutu, mtu asije akasema nachana nywele. Nilikuwa nakalia mikono yangu mwenyewe.

Siku moja nilimwambia Bi Echati anipe kifagio, liwe liwalo. Akakataa. Nikapanda juu ya kinu nikifikie mwenyewe. Akanishika mguu. Tuligombana pale, mimi juu ya kinu, yeye chini, nikamwambia maneno ambayo mke hamwambii mavyaa wake. Akaniacha nimalize.

"Amri imetaja chanuo," alisema. "Imetaja kifagio, imetaja mafuta. Vidole nani amevitaja? Shuka."

Akaketi kizingitini, akanikalisha chini, akachovya vidole kwenye maji, akaanza kisogoni. Viduara vidogo, kupanda juu. Alikuwa ameniona nikifanya jioni zile zote alizokuwa hasemi. Vidole vyake vigumu kwa kutwanga, lakini ncha zake zilijua pa kupita. Nilikuwa bado nina hasira. Nililia hata hivyo, naye akajifanya haoni. Tangu hapo ikawa kazi yake ya kila siku baada ya alasiri, na tulipokuwa hatusemezani pia alikuja, akaketi, akapiga chini kwa kiganja, maana yake njoo.

Na Hamadi. Siku aliyotoka kunyolewa aliingia ndani ameshika kilemba mkononi, kichwa chake kinang'aa kikiwa na mabonde nisiyoyajua. Nilikuwa nimekaa na changu. Tukatazamana.

"Basi," akasema, "sasa mimi ndiye mbaya zaidi."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Akaniomba apapase. Akapapasa kichwa changu, nami chake, tukiwa watu wazima mchana mweupe. Usiku ule hakulala ukingoni.

Mvua zikaja zikapita. Magamba hayakwisha, lakini hayakunishinda. Jua la kila siku bila ushungi, nadhani, lilinifaa kuliko nilivyotaka kukubali. Vinyweleo vikawa nywele, fupi, zenye kujikunja, si zile za zamani. Pahali pawili hapakuota na hapataota. Nimekwisha kupasamehe.

Ruhusa ilitoka mwanzo wa kiangazi. Mji mzima ukanuka mafuta siku hiyo. Kila mwanamke alikuwa na kichwa kilichokaa miezi bila kuguswa, kila mmoja alitaka kusukwa, na kila mmoja alitaka kusukwa leo. Niliosha jamvi langu, nikalitandika mlangoni, nikaketi na chanuo. Upande wa pili wa njia wanawake walipita makundi makundi kwenda kwa Bi Mboni. Walinisalimu. "Hujambo, Bi Mwanaisha. Umepona? Alhamdulillahi." Wakapita. Nilifanya hivyo siku ya kwanza, na ya pili, na nyingine, nikinyanyuka kila mara kufagia palipokwisha kufagiwa. Bi Echati alitaka kutoka akae yeye nimsuke mbele ya watu. Nikamkataza. Sikutaka huruma mlangoni, nilitaka kazi yangu.

Kisha akaja Soa. Alikuwa peke yake, nywele zake bado hazijasukwa, amejitanda nguo mpaka machoni. Sikutegemea kumwona mlangoni mwangu mtu aliyenipigia ukelele. Hakuketi jamvini. Aliingia ndani moja kwa moja, akarudisha pazia.

"Vua ushungi," akaniambia.

Nikaona ni vema nimalize naye. Nikavua. Alinizunguka, akaweka kiganja utosini, akapapasa polepole hadi kisogoni, palipoota na pasipoota.

"Zimeota kweli."

"Zimeota."

"Kwa Bi Mboni walinitazama wakaniambia nirudi siku nyingine." Akageuka, akaachia nguo, akasogeza nywele kwa mkono mmoja. Nyuma ya sikio lake pana upara, laini, ukubwa wa kiganja cha mtoto, na pembeni yake magamba meupe ndiyo kwanza yanaanza. "Dada, usimwambie mtu. Kinaniwasha, siwezi kukaa."

Nilimwambia na mimi lilinipata, na lililonifaa ni jua, si pazia. Kisha nikamshika mkono, naye akanifuata nje, nikamketisha jamvini katikati ya magoti yangu, kichwa wazi, juani, mahali ambapo kila apitaye angetuona.